Analia zaidi tangu umnyime pipi? Usirudi nyuma

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa miaka 4 analia dukani kuliko zamani tangu uache kumnunulia pipi, na kama umpe walau mara mojamoja. Tafadhali usimpe.

Mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alionyesha kwamba tendo linaloleta tuzo hurudiwa, na likikosa tuzo hufifia. Ila kabla ya kufifia, mara nyingi hupanda kwanza: kilio kirefu, kujigaragaza chini. Uko hapo sasa. Ukimpa wakati huu, atajifunza kwamba kulia kidogo hakutoshi. Tuzo ya mara mojamoja ndiyo mbaya zaidi, maana mtoto hajui itakuja lini, basi hachoki kujaribu.

Kabla hamjaingia dukani mwambie: "Leo tunanunua unga na sabuni, pipi hapana." Mpe sabuni abebe. Akitulia, hata kwa nusu dakika, msifu papo hapo na utaje alichofanya: "Umesubiri vizuri." Sifa ya baadaye nyumbani haina nguvu hiyo kwa umri wake. Akilia, simama karibu awe salama, lakini usigombe wala kubembeleza, kwa sababu hata kugombezwa ni kuangaliwa, na kwa watoto wengi hiyo ni tuzo tosha.

Zungumza pia na bibi yake na baba yake, kwa upole. Mmoja akitoa pipi kimyakimya, mnaanza upya. Kilio kikirudi ghafla baada ya wiki kadhaa za utulivu, ni kawaida; fanya vilevile, na safari hii kwa kawaida huisha upesi zaidi.