Nikiandika kwa uhakika nakosolewa, nikiweka "huenda" nakosolewa pia

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naandika tasnifu ya masters kuhusu usingizi na ufaulu wa wanafunzi, nimetumia dodoso. Rasimu ya kwanza niliandika "kulala kidogo kunashusha ufaulu", msimamizi akazungushia wino mwekundu, una uhakika gani? Nikarudi nikajaza huenda, labda na pengine karibu kila sentensi, sasa ananiambia sijasema kitu. Mfano huu hapa: "Huenda matokeo haya yanaweza pengine kuashiria kwamba usingizi una mchango fulani." Anataka nini jamani?

JIBU: Pole, ila msimamizi wako yuko sahihi mara zote mbili. Sura ya matokeo haihitaji huenda yoyote, ulichopima umekipima: waliosema wanalala saa chache walikuwa na wastani wa chini, basi, songa mbele. Shaka inaanza pale unapotoka kwenye namba kwenda kwenye sababu, maana dodoso la siku moja haliwezi kukwambia kama usingizi ndio umeshusha alama au mwenye alama mbaya ndiye anakosa usingizi kwa mawazo. Hapo weka huenda, moja tu, halafu useme kwa nini huna uhakika, na hapa ndipo wengi wanaishia njiani. Hiyo sentensi yako ina shaka nne au tano zinagombania nafasi na hakuna hata moja yenye sababu. Jaribu hivi: "Inawezekana usingizi mchache unachangia alama kushuka, ila hatukupima muda wa kujisomea, hivyo hatuwezi kuitenga sababu hiyo." Ndefu kidogo lakini sasa msomaji anaona pengo liko wapi.

Waangalie wanafizikia wa jaribio la OPERA mwaka 2011. Walipima neutrino, chembe ndogo mno, zikitoka CERN, maabara ya fizikia kule Uswisi, kwenda maabara ya Gran Sasso kule Italia, kilomita kama 730, zikaonekana zimeupiku mwanga kwa nanosekunde 60 hivi, yaani Einstein, aliyesema hakuna kinachoupita mwanga, matatani. Wao wakatoa namba, wakaandika wazi kwamba kwa makusudi hawatoi tafsiri yoyote ya kinadharia, wakawaomba wenzao wakague. 2012 ikajulikana kumbe kuna kebo ya faiba haikuchomekwa vizuri! Aibu ilikuwepo, ila hawakuwa na dai la kufuta.

Kuhusu uzito wa maneno, fani nyingi hazina kipimo. IPCC, lile jopo la tabianchi, wamejiwekea: wakisema jambo "linaelekea" kutokea wanamaanisha uwezekano wa asilimia 66 kwenda juu, "linaelekea sana" ni 90 kwenda juu. Wewe usiige hizo asilimia, data yako haizibebi, ila amua mapema kwamba "inaelekea" ni nzito kuliko "huenda" na usizibadilishe badilishe ili tu usirudie neno.

Halafu kagua ikisiri. Watu wanakuwa waangalifu kweli kwenye mjadala, ukifika kwenye ikisiri kila kitu kimeshathibitishwa, na mtahini anaanza kusoma hapo hapo.