Nilivaa jezi ya Simba Silom: jibu langu kuhusu siasa na maisha ya Thailand

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama Thailand ni salama kuhamia ilhali "kila siku wanapinduana", na kwa nini Wathai hawana habari na siasa. La kwanza nitalijibu haraka. La pili ndilo lililoniketisha kuandika, maana nami nilifika nikiamini hivyo hivyo.

Nilitua Bangkok Januari 2014 na spineli za Mahenge na Tanzanite chache zilizokatwa, mali ya watu, mimi dalali tu. Nikafikia Silom, kwenye ofisi nyingi za wafanyabiashara wa vito. Siku hizo hizo wapinzani wa serikali ya Waziri Mkuu Yingluck Shinawatra walikuwa wamefunga makutano makubwa ya jiji. Nilitarajia mabomu ya machozi, nikakuta filimbi, jukwaa la muziki na wauza mishikaki. (Usiku sehemu nyingine risasi zililia na watu walikufa, nisije nikakudanganya.) Jumapili moja nikatoka kuzurura nimetinga jezi ya Simba, nyekundu ya kuwaka. Mzee mmoja akanisogelea, akaniamkia kwa viganja vilivyokutana kifuani, akaniuliza natoka nchi gani. Kisha akatoa koti la mvua la plastiki kwenye mfuko wake akanipa nivae. Mvua yenyewe hakuna, Januari ni kiangazi Bangkok. Nikavaa tu, sikutaka kumvunjia heshima.

Jioni mwenyeji wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe nyekundu ni rangi ya wafuasi wa Thaksin, waziri mkuu wa zamani na kaka yake Yingluck, na mimi nimekatiza nayo katikati ya umati uliokuja kumng'oa dada mtu. Mzee wa watu hakufoka wala hakunielekeza. Alinifunika.

Tarehe 22 Mei mwaka huo huo jeshi likachukua nchi, Jenerali Prayut Chan-o-cha akatokea kwenye runinga, ikatoka amri ya kutotembea kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kesho yake asubuhi ofisi zimefunguliwa, bodaboda wa vizibao vya rangi ya chungwa wako kijiweni kwao. Tangu 1932 yamefanikiwa mapinduzi zaidi ya kumi, watu wameyazoea. Kwa hiyo usalama: cha kuogopa huku ni barabara. Pikipiki zitakuua kabla ya vifaru.

Sasa la pili. Kichochoroni kwetu kuna mama ntilie anayeuza wali na kuku wa kuchemsha. Kila mtu anamwita Pa, yaani shangazi. Wathai, kama sisi, hawamwiti mtu mzima kwa jina kavu: aliyekuzidi ni phi, mdogo wako ni nong, na watakuuliza umri kabla chai haijapoa ili wajue pa kukuweka. Sisi tuliokulia kwenye shikamoo tunalielewa hili siku ya kwanza. Kuna Wazungu wana miaka kumi huku na bado wanalalamika kwamba wanaulizwa umri.

Pa anatoka Khon Kaen, huko Isan, kaskazini-mashariki, mashambani. Ilimchukua kama miaka mitatu kuniambia anampigia nani kura. Mumewe aliugua figo, akatibiwa kwa ule mpango wa mgonjwa kulipa baht 30 tu (baht ndiyo fedha ya huku) ulioletwa na serikali ya Thaksin iliyoingia 2001. "Wanasiasa wezi nimewaona wengi," alisema huku anakata kuku, hata hakuninyanyulia macho. "Huyu aliacha kadi ya hospitali."

Tajiri ninayemuuzia mawe yuko upande wa pili kabisa. Ni Mthai mwenye asili ya Kichina, na juu ya sefu yake ametundika picha ya Mfalme Bhumibol. Mfalme alipofariki tarehe 13 Oktoba 2016, baada ya miaka 70 kwenye kiti, yule bwana alifunga duka akalia kama mtoto, akavaa nyeusi mwaka mzima. Kwake Thaksin ni mla nchi. Na kila Alhamisi anakula kuku kwa Pa! Miaka yote hii sijawahi kuwasikia wakiligusa jambo hilo. Wanaulizana kama wameshakula, basi.

Wana neno lao, kreng jai. Ni kama kustahi, ila lina uzito zaidi: kuona vibaya kumpa mwenzako mzigo moyoni. Nalipenda, na biashara yangu imeishi kwa neno hilo. Lakini usiishie hapo ukasema "watu wastaarabu sana". Kuna pia kifungu cha 112 cha sheria ya jinai: kumtusi mfalme, malkia au mrithi ni kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na watu wamefungwa kwa maneno ya Facebook. Kwa hiyo ukimya unaouona ni adabu iliyochanganyika na hofu, na mgeni hawezi kujua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mimi nisiye mwenyeji nanyamaza kwa yote mawili. Ukija usifanye utani kuhusu hilo, hata kwenye kundi la WhatsApp la Wabongo.

Kutojali? Uchaguzi wa tarehe 14 Mei 2023 walijitokeza asilimia 75. Chama cha vijana, Move Forward, kikaongoza kwa viti 151 kati ya 500. Kiongozi wao Pita Limjaroenrat akakwamishwa asiwe waziri mkuu na maseneta 250 walioteuliwa na wanajeshi. Tarehe 7 Agosti 2024 Mahakama ya Katiba ikakifuta chama kwa sababu kiliahidi kurekebisha kifungu hicho hicho cha 112. Mchana ule nilikuwa mezani kwa Pa. Binti yake, aliyekipigia kura chama hicho kinyume na mama yake, alisikiliza hukumu kwenye simu, akaigeuza kifudifudi, akaenda kuosha vyombo. Aliosha hata vilivyokuwa safi. Pa akamtazama, akanigeukia: umeshakula? Nilikuwa nimekula. Nikasema bado.

Kuhusu sisi weusi, kwa kifupi: watakuita mweusi mchana kweupe bila kinyongo, matangazo ya krimu za kung'arisha ngozi yatakuchosha, na utapekuliwa mifuko usiku kuliko Mjerumani aliye pembeni yako. Mimi nimepekuliwa mara nne. Tembea na nakala ya pasipoti, kibali cha kazi kiwe hai, na ripoti ya kila siku 90 uhamiaji usiipitishe.

Jezi bado ninayo, naivaa ndani ya nyumba. Na watu wa Yanga msicheke: njano huku ni rangi ya Jumatatu, siku aliyozaliwa mfalme, nayo ina wenyewe.