Mgonjwa mwenye ganzi ya miguu: mpime akiwa amefumba macho

Nyie mnaoanza mafunzo kwa vitendo idara ya fiziotherapia, mkipangiwa kliniki ya kisukari mtakutana na mzee ambaye mapaja yana nguvu, magoti hayana shida, na bado anayumba. Msikimbilie kumpa mazoezi ya kunyanyua uzito. Anachokosa ni taarifa ya pale anapokanyaga.

Ili tusimame wima tunategemea macho, sikio la ndani, na hisia zinazotoka kwenye nyayo na vifundo vya miguu. Kisukari huanza kuharibu mishipa ya fahamu iliyo mirefu zaidi, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kupanda polepole miguu yote miwili. Ukoma, upungufu wa vitamini B12, pombe ya miaka mingi, hata isoniazidi ya TB isipoambatana na vitamini B6, vyaweza kumfikisha mtu hapo hapo. Uliza hayo yote, hata kama faili limeshaandikwa kisukari.

Hisia za nyayo zikipungua, macho ndiyo yanayobeba kazi. Basi mchana mgonjwa anakuja kliniki vizuri tu, lakini usiku umeme ukikatika safari ya chooni inamshinda. Swali ninaloanza nalo mimi ni hili: "Mama, ukifumba macho kunawa uso, unajishikilia mahali?" Wengi hucheka, wanashangaa umejuaje.

Kisha mtembeze. Miguu ameitanua, hatua fupi, macho chini, wayo unatua kwa kishindo. Msimchanganye na yule anayenyanyua goti juu kwa sababu ncha ya mguu inaning'inia. Huyo misuli imedhoofika, ingawa wapo wenye yote mawili. Tazama na ndala zake. Moja ikimvuka naye akaendelea na safari bila habari, umeshajua mengi kabla hujatoa kifaa chochote.

Kipimo cha Romberg, chenye jina la daktari wa Berlin wa karne ya 19, ni rahisi na ni cha hatari. Miguu pamoja, kwanza macho wazi, halafu afumbe. Simama karibu naye mikono ikiwa tayari, maana anayeanguka haanguki polepole. Akishindwa kusimama hata macho yakiwa wazi, usiandike ganzi. Huenda shida iko kwenye serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu usawa na mwendo. Kwa uzi wa nailoni wa gramu 10, yaani ule wa kupima hisia za nyayo unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, mwonyeshe kwanza mkononi, bonyeza mpaka upinde, epuka sugu, na usiulize "unasikia?" kila unapogusa. Wazee wetu wana adabu, watakujibu ndiyo kukufurahisha.

Sasa tiba. Ncha ya kidole ikigusa ukuta kidogo tu, kwa nguvu isiyoweza kubeba mwili, kuyumba hupungua, kwa sababu mkono unaleta taarifa ambayo nyayo hazileti. Hapo ndipo fimbo inapoingia. Wazee wengi huikataa wakiona ni alama ya kuchoka. Mweleze kwamba haiegemei, anapapasia. Mazoezi ya kusogeza miguu karibu, kisha mmoja mbele ya mwingine, yafanyike kando ya ukuta, na kufumba macho kuje mwisho, wewe ukiwa karibu. Nyumbani awe na tochi karibu na kitanda.

Kiatu kina mvutano wake. Soli nene laini hulinda ngozi lakini humyumbisha mtu. Soli ngumu humpa uthabiti lakini hukandamiza vidole vilivyokunjamana. Mimi hutafuta kiatu cha kufunga, kipana mbele, kisichochezacheza kisigino, chenye utandiko mwembamba. Akiwa na kidonda, kuondoa uzito kwenye kidonda kunatangulia yote. Kutembea pekupeku eti nyayo ziamke, kataeni kabisa.

Na ukikuta mguu mmoja umevimba, mwekundu, una joto kuliko mwenzake, naye anasema hauumi sana, shuku mifupa inavunjika ndani. Siku hiyo hakuna mazoezi. Mketishe, tafuta kiti cha magurudumu, mwite daktari.