Maswali ya Wasomaji: Mkazo na Mvutano wa Uso katika Tando za Polima

SWALI: Ninaiga kwa kompyuta utando mwembamba wa polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, ulio katikati ya ombwe, usioshikizwa na kitu upande wowote. Nimeukata katika matabaka, na mchango wa kila jozi ya chembe katika mkazo (shinikizo lenye alama iliyogeuzwa) nimeugawa nusu kwa nusu, kila tabaka lenye chembe likipata nusu. Shinikizo la wima, yaani lile linaloelekea uso moja kwa moja, linapanda na kushuka karibu na uso, na mvutano wa uso (kani inayoukaza uso) unaotokana na matabaka haulingani na ule wa kisanduku kizima cha uigaji. Nimekosea wapi?

JIBU: Hayo ni matatizo mawili tofauti. Katika utando uliotulia, shinikizo la wima halina budi kuwa lilelile kuanzia ombwe la upande mmoja hadi la upande wa pili, la sivyo matabaka yangekuwa yanasukumana na kuhama; na kwa kuwa minyororo mirefu ya polima haigeuki mvuke, thamani yake ni sifuri. Mawimbi unayoyaona yametokana na namna ulivyogawa. Irving na Kirkwood walionyesha mwaka 1950 kwamba mchango wa jozi hutandazwa kwenye mstari unaounganisha chembe mbili, kila tabaka likipata fungu linalolingana na kipande cha mstari kinachopita ndani yake. Kwa shinikizo lililo sambamba na uso, mgawo wa nusu kwa nusu unakubalika kabisa, maana ndio mgawo alioutoa mtafiti Harasima mwaka 1958. Kwa shinikizo la wima haufai. Kwa kuwa njia zote mbili zinakubalika kwa shinikizo sambamba, michoro miwili iliyo halali ya shinikizo hilo inaweza kutofautiana umbo, nami ninakusihi usikifasiri kila kilima cha mchoro kuwa ni tabia ya polima yenyewe.

Kinachobaki bila kubadilika ni jumla. Kwa mujibu wa Kirkwood na Buff (1949), tofauti ya shinikizo la wima na la sambamba hujumlishwa katika unene wote, kisha hugawanywa kwa mbili kwa sababu utando una nyuso mbili. Hata mgawo wako hauwezi kuiharibu jumla hiyo. Jumla ya matabaka na ile ya kisanduku kizima zikitofautiana, basi kuna mchango ulioachwa katika mojawapo ya hesabu, na wa kwanza kushukiwa ni ule wa vifungo vya mnyororo. Chukua modeli ya Kremer na Grest ya mwaka 1990, ambamo polima ni mnyororo wa chembe zilizofungwa pamoja: chembe mbili zilizofungwa zikiwa katika umbali wa 0.96 (kipimo kikiwa upana wa chembe), kifungo huzivuta kwa kani ya takriban 49, na msukumano wa Lennard-Jones, yaani kani ya chembe zilizokaribiana mno, huzitenganisha kwa kani iyo hiyo, katika vipimo vya modeli ambamo shinikizo tunalolitafuta ni dogo mno kuliko hapo. Ukisahau upande mmoja, hesabu nzima imepotea. Mchango wa mwendo wa chembe hujifuta katika tofauti, lakini pasipo huo shinikizo la wima halifiki sifuri. Tena, pima matabaka kutoka kitovu cha tungamo cha utando, kwa kuwa utando wenyewe husogea taratibu.

Angalia pia umbali ambao kuvutana kwa chembe huachwa kuhesabiwa: kukikatwa mapema, mvutano wa uso hushuka sana. Kwa wanaoiga polistireni, thamani ya maabara ya kulinganishia ni karibu millinewtoni 29 kwa mita katika nyuzi 180 za Selsiasi.

SWALI: Je, hesabu hiyohiyo inafaa utando ukishapozwa hadi kuwa kioo, yaani kigumu ambacho minyororo yake imekwama bila mpangilio?

JIBU: Namba utaipata, ila haitakuwa mvutano wa uso. Tangu Shuttleworth alipoandika mwaka 1950, inajulikana kwamba katika kitu kigumu mkazo wa uso ni nishati ya uso pamoja na badiliko la nishati hiyo uso unaponyooshwa. Katika kimiminika sehemu hii ya pili haipo. Zaidi ya hayo, kioo hubaki na mkazo ulionaswa wakati wa kupozwa, nao huingia katika jumla yako. Tazama katikati ya utando: ikiwa shinikizo la wima na la sambamba hayalingani hapo, ama utando ni mwembamba mno au minyororo haijapata muda wa kulegea. Fanya hesabu katika majotoridi kadhaa yaliyo juu ya kiwango cha kugeuka kioo, mahali ambapo minyororo bado inatiririka.