Maswali ya Wasomaji: Video Fupi za Kimarathi

SWALI: Mhariri, niko Pune, India, kimasomo. Huku kila simu inacheza video fupi za Kimarathi, lugha ya wenyeji. Zimeibuka vipi kwa wingi huu? Tena wenzangu hunipa kazi ya kuziwekea maandishi, na kila mara herufi zinavurugika. Nakosea wapi? – Mwanafunzi, Pune

JIBU: Mwanzo wake ni bando. Kampuni ya simu ya Jio ilipoingia sokoni Septemba 2016, bei ya intaneti iliporomoka India nzima, na mtu wa kijijini akaweza kutazama video bila kuhesabu megabaiti. Juni 2020 serikali ikafungia TikTok. Kabla mwaka haujaisha, huduma nyingine za video fupi, Moj, Reels ya Instagram na Shorts ya YouTube, zote zilikuwa zikigombea watazamaji wale wale. Na Kimarathi hakikosi watazamaji: sensa ya 2011 ilihesabu wasemaji milioni 83.

Sasa herufi. Katika Devanagari, mwandiko unaotumika kwa Kimarathi na Kihindi, alama ya irabu fupi "i" hukaa kabla ya konsonanti ingawa hutamkwa baada yake. Chukua neno दिवस (divas, yaani siku). Programu isiyojua kupanga mwandiko huo huiacha alama nyuma ya "d", ikaonekana ni ya "v". Hapo kubadilisha fonti peke yake hakusaidii. Andika maneno kwenye programu inayoyapanga vizuri, kwa fonti kama Mukta au Noto Sans Devanagari, yahifadhi kama picha ya PNG isiyo na rangi nyuma, kisha yabandike juu ya video. Kwenye fremu ya pikseli 1080 kwa 1920, iache wazi moja ya tano ya chini. Jina la akaunti na maelezo hufunika sehemu hiyo.

Kosa baya zaidi ni kuacha maandishi ya otomatiki kwenye Kihindi. Mwandiko ni mmoja, kwa hiyo ukitupa jicho utaona yako sawa. Lakini herufi ळ haimo katika Kihindi sanifu, na ikigeuzwa ल, काळ (wakati) inakuwa काल (jana). Chagua Kimarathi, kisha ikague kila ळ.

Msemaji akitumia lahaja ya kwao, kama Kivarhadi cha Vidarbha au Kimalvani cha pwani ya Konkan, usimsahihishe kwa Kimarathi cha Pune. Lafudhi ya nyumbani ndiyo inayowafanya watu watumiane video hizi. Andika alivyosema, umpe asome mwenyewe kabla hujapakia.