Kaka ndo msimamizi wa mirathi, mbona sisi hatujaona kitu?

SWALI: Shikamoo wakili. Baba yetu alifariki bila kuacha wosia, mahakama ikamteua kaka yetu mkubwa awe msimamizi wa mirathi. Tangu hapo kimya, na juzi tumesikia kauza gari la marehemu, tukimuuliza anajibu "nalipa madeni kwanza". Kwani mali zote sasa ni zake? Na madeni ya baba yakizidi, tutalipa sisi? – Kitindamimba

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba.

Hapana, mali siyo zake. Ile hati ya mahakama haimpi mtu mali, inampa kazi, tena kazi yenyewe ngumu: akusanye kila alichoacha marehemu, pesa za benki, viwanja, hata hela aliyokuwa anawadai watu, alipe gharama za mazishi, kodi na madeni, halafu kinachobaki ndo awagawie warithi kwa sheria inayowahusu (kungekuwa na wosia angefuata wosia). Kwahiyo kwenye hilo la madeni kwanza kaka yako yuko sahihi kabisa, na kuuza gari ili kulipa deni la kweli inaruhusiwa.

Ila sasa, deni gani, la nani na la shilingi ngapi? Hapo ndo mmuulize, kwa upole, bila kuanza kuitana wezi maana familia nyingi huvunjikia hapahapa. Ombeni orodha ya mali na madeni, mahakama nyingi humtaka aiwasilishe, muone gari limeuzwa kwa bei gani, hela imeingia akaunti gani na risiti ya aliyelipwa iko wapi. Kama hela ya marehemu inapita kwenye akaunti binafsi ya kaka hiyo ni ishara mbaya hata kama hajaila. Mtu akija msibani na kusema "nilikuwa namdai marehemu" bila karatasi wala shahidi, asilipwe kwa huruma tu. Na mkopo wa benki muulizie kama ulikuwa na bima, kuna mikopo ambayo mkopaji akifariki bima ndo inamalizia, watu wanauza nyumba bure.

Madeni yakizidi mali, kwa kawaida wanaodai wanaishia kwenye kilichopo, hawawafuati watoto mfukoni, labda kama ulisaini kuwa mdhamini.

Akigoma kutoa hesabu, mrithi yeyote, hata wewe kitindamimba, anaweza kwenda mahakama ileile iliyomteua ikamwita ajieleze, na ikiona anafuja inamwondoa na kuweka mwingine. Nendeni mapema, kiwanja kikishapita mikono mitatu kukirudisha ni kesi nyingine.

Angalieni pia bima ya maisha na mafao ya kazini, mara nyingi yana jina la mtu aliyeandikwa na marehemu na yanalipwa pembeni ya mirathi, msimlaumu kaka kwa hela ambayo haikupita kwake.