Waulize siku waliyotoka ofisini wameridhika

Juzi msomaji wa Malindi kaniandikia: "Dada, kila nikiitisha baraza la wadi ni kelele tupu. Nifanyeje?" Nimeona nikujibu hapa, maana hiyo njia nimeipita na ilinitoa machozi.

Kaunti za Kenya zilipoanza 2013, kazi yangu Lamu ilikuwa kukusanya maoni ya wananchi. Nilikuwa na swali moja tu: "Shida zenu ni zipi?" Nikajaza madaftari, nikayapeleka, yakalala kabatini. Niliporudi kijiji cha Matondoni mwaka wa pili, mzee mmoja aliinuka, akakung'uta kanzu, akaondoka kimya. Afadhali angenitukana.

Baadaye nikafundishwa mbinu ambayo David Cooperrider na Suresh Srivastva wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, Marekani, waliieleza 1987: anza na kilichowahi kufaulu, watu waseme wanavyotaka kiwe, ndipo mpange na mtekeleze. Mkubwa wangu alinicheka mbele ya wenzangu, eti serikali haiendeshwi kwa ndoto. Alikosea, na hadi leo hajaniomba radhi.

Nikarudi kijijini. "Ni siku gani ulitoka ofisi ya serikali umeridhika?" Kimya kirefu. Kisha bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili akasema bila kuinua macho: "Palikuwa na karani mjini. Akikuambia urudi, anakuandikia siku kwenye kijikaratasi. Hulipi nauli ya mashua bure, mwanangu." Hapo ndimi zikafunguka. Jioni tulikuwa na ombi moja: kila ofisi imwandikie mwananchi siku ya kurudi. Ofisi tatu zilikubali, moja ikakataa.

Kwa hiyo ndugu yangu, uliza lililofaulu, na kimya kikiingia usikijaze kwa maneno yako. Mtafute aliyelifanya, umshukuru mbele ya watu. Watumishi wengi wazuri hawajawahi kusikia asante. Lakini usiitumie mbinu hii kuwaziba watu midomo. Mwenye dai la ardhi msikilize dai lake kwanza, hayo mazuri yatangoja. Ibara ya 174 ya Katiba ya 2010 inasema ugatuzi, yaani kushusha madaraka hadi kaunti, ni wa kumpa mwananchi uwezo wa kujitawala na kushiriki katika maamuzi. Kumpigia makofi afisa hakumo.

Ile ofisi ya nne bado inakataa. Jumatatu nitakuwa mlangoni kwao, na vijikaratasi vya zile tatu mkononi.